Kidude cha kusoma injini: kilichonisaidia ni kuwa nacho alfajiri

Mara tatu nililipeleka gari kwa fundi kwa sababu linatetemeka, na mara tatu lilifika gereji limeshapona. Nazima, nawasha tena mbele yake, injini imetulia kama maji ya mtungini. "Dada, mbona liko poa?" Unakosa la kusema. Unabaki kuigiza mtetemo kwa mikono, fundi anakutazama kwa huruma, na kijana wake anageuka pembeni asionekane anacheka.

Mimi ni muuguzi. Jambo hili nimelikuta upande wa pili mara nyingi: mama analeta mtoto aliyechemka usiku kucha, anafika asubuhi mtoto anakimbia kwenye korido. Huwezi kumwambia mama amedanganya. Unamuuliza, homa ilikuwa ngapi, saa ngapi, ulipima na nini? Kwa gari langu sikuwa na kipimajoto cha kitandani. Hiki kidude ninachokiandikia leo ndicho hicho kipimajoto, na ndivyo nitakavyokipima.

Kwanza niwaeleze ugonjwa, maana bila hivyo hamtaelewa kwa nini nimekipa alama nilizokipa. Gari ni sedani ya petroli, silinda nne, injini ya lita 1.5, manifoldi ya kuingizia hewa ni ya plastiki. Likilala usiku, nikiwasha saa kumi na moja alfajiri linapanda vizuri hadi mizunguko 1,400 hivi kwa dakika, sekunde chache tu, halafu linashuka na kuanza kumisi, yaani silinda inakosa kuchoma mafuta yake. Usukani unatetemeka, kioo cha ndani kinacheza, na mshale unatembea kati ya 850 na 1,100 kama mtu anayekanyaga mafuta na kuachia. Nikikanyaga mafuta linakubali. Nikiachia likae sailensi, yaani lingurume bila kukanyagwa mafuta, linarudia. Dakika nne au tano baadaye mshale wa joto umeinuka na kila kitu kimetulia mpaka kesho yake alfajiri. Taa ya chekinjini haikuwaka.

Kabla ya kidude nilikuwa nimeshabadilisha plagi zote nne, nimesafishiwa throto (mlango wa hewa ya injini), nimewekewa filta mpya ya mafuta, na nilikuwa njiani kununua koili, ile inayoipa plagi umeme wa cheche. Sijuti kuhusu plagi, zilikuwa zimechoka kweli. Vilivyobaki ni vya kubahatisha, na ukijumlisha vyote vimezidi bei ya kidude hiki mara kadhaa.

Kidude chenyewe ni kiboksi cha plastiki chenye meno 16, kidogo kuliko kiberiti cha jikoni, kinachochomekwa kwenye soketi iliyo chini ya dashibodi upande wa dereva. Kinaongea na simu kwa Bluetooth. Hakina kioo wala kitufe wala betri, umeme kinachukua kwenye gari. Unawasha swichi, unaunganisha na simu kwa namba ya siri 1234 (vingine ni 0000), unafungua programu, basi. Kwangu kiliunganika mara ya tatu, baada ya kugundua kuwa swichi haikuwa ON, ilikuwa kwenye redio tu.

Hapa niseme jambo ambalo wauzaji hawasemi. Karibu vyote vya bei ya chini vimeandikwa ELM327. Hilo ni jina la chipu iliyotengenezwa na ELM Electronics ya Kanada, na vingi vya sokoni ni nakala zake. Changu kimeandikwa "v1.5", na hilo ni toleo ambalo watengenezaji wa chipu halisi hawakuwahi kulitoa. Yaani kidude kinajitambulisha kwa cheti cha kughushi. Kinafanya kazi? Kinafanya, kwa kusoma kodi (namba za makosa ambazo kompyuta ya gari huandika) na vipimo vya kawaida. Ila ukikiuliza maswali mazito zaidi kinaweza kunyamaza au kujibu ovyo, na simu yako haitajua tofauti. Tena, kama una iPhone, hakikisha umechukua cha WiFi au chenye Bluetooth ya aina mpya. Hiki cha Bluetooth ya zamani kinakubaliana na Android tu.

Halafu kuna umri na asili ya gari. Soketi hii na lugha yake ni lazima kwa magari yaliyouzwa Marekani tangu modeli za 1996, na kwa ya petroli barani Ulaya tangu 2001. Lakini gari lililotengenezwa kwa soko la ndani la Japani, hasa la zamani kidogo, linaweza kuwa na soketi ileile kabisa na bado likakataa kuongea. Chomeka kwanza ndipo ulipe, kama muuzaji anakubali.

Siku ya kwanza nilichomeka mchana, gari likiwa moto, nikakuta kitu ambacho sikukitegemea: kodi P0301 imekaa kwenye orodha ya zinazosubiri. Taa haijawaka, lakini kompyuta ilikuwa imeshaona silinda namba moja ikimisi na imeandika kwenye daftari lake. Kwa makosa mengi kompyuta husubiri ilione kosa tena kwenye safari nyingine ndipo iwashe taa. Nilicheka peke yangu ndani ya gari. Mwezi mzima mashine ilikuwa inajua, na mimi naigiza kwa mikono.

Programu ikanishauri, kwa maandishi ya uhakika kabisa, nibadilishe plagi au koili. Kidude hakina kosa hapo, mwenye kosa ni aliyeandika yale maelezo. P0301 maana yake silinda ya kwanza haichomi sawasawa. Haikuambii kwa nini. Inaweza kuwa cheche, inaweza kuwa nozeli, inaweza kuwa hewa, inaweza kuwa valvu. Ni kama mimi nikuandikie "homa" halafu nikupe dawa ya malaria bila kukutoboa kidole.

Koili nilijipimia bure. Nilitoa ya silinda ya kwanza nikaiweka ya tatu, ya tatu nikaileta ya kwanza. Kama koili ndiyo mbovu, kodi ingehama nayo na kuwa P0303. Siku nne baadaye taa ikawaka kabisa, kodi ileile: P0301. Koili haina hatia. Nilirudisha sokoni ile niliyokuwa nimeshaiulizia bei, kwa maana ya kwamba sikuinunua.

Taa ilipowaka ndipo nilipokipenda kidude hiki. Kompyuta ya gari ikiwasha taa huhifadhi vipimo vya dakika ileile kosa lilipotokea, kama picha iliyoganda. Kwenye skrini yangu ilisomeka: joto la maji nyuzi 21, mizunguko 1,080, mwendo 0. Mistari mitatu. Gari baridi, limesimama, linamisi. Huo ndio ushahidi niliokuwa nautafuta gereji tatu, na umeandikwa na gari lenyewe.

Nilipiga picha ya skrini, na nilifanya vizuri, kwa sababu usiku huohuo nikimwonyesha mume wangu maajabu yangu nilibonyeza "futa". Taa ikazimika, na picha iliyoganda ikaondoka nayo, pamoja na marekebisho ya mafuta ambayo kompyuta ilikuwa imejifunza kwa siku nyingi. Kitufe cha kufuta kiko kikubwa, chekundu, katikati, na kinauliza swali moja tu la haraka kabla ya kutekeleza. Kwa hili napunguza alama bila huruma. Wengi wanadhani kufuta kodi ni kutibu gari.

Sasa nije kwenye alfajiri yenyewe. Nilichukua daftari la hesabu, lile la mraba mraba, nikachora safu kama chati ya mgonjwa: muda, joto la maji, joto la hewa, mizunguko, marekebisho ya mafuta ya muda mfupi, ya muda mrefu. Gari lilikuwa limelala kwa muda wa saa tisa.

Swichi ON, injini haijawashwa: maji nyuzi 16, hewa inayoingia nyuzi 17. Hiki ni kipimo cha kwanza na watu wengi wanakiruka. Gari lililolala usiku kucha lazima maji na hewa viwe na joto linalokaribiana. Kama sensa ya maji ingesoma 60 wakati ule, kesi ingeishia pale: kompyuta ingedhani injini ina moto, ingenyima mafuta ya kuamkia, na injini ingemisi mpaka ipate moto kweli. Sensa yangu ilikuwa inasema kweli. Nikaweka alama ya vema.

Nikawasha, na kidude kikakatika. Wakati stata inazungusha, umeme wa betri unashuka, kidude kinazimika na kujiwasha upya, na simu inatafuta upya. Sekunde kumi na tano za mwanzo, ambazo ndizo ninazozitaka kuliko zote, zimepotea. Nilijaribu asubuhi tano. Mara mbili kilishika, mara tatu kilikatika. Betri yangu si mpya, nikiri hilo.

Kiliporudi, mzunguko wa marekebisho ulikuwa bado wazi. Niieleze hii taratibu, maana ndiyo iliyonifungua macho. Injini ikiwa baridi, sensa ya oksijeni kwenye ekzosi haifanyi kazi mpaka ifike kama nyuzi 300. Kwa muda huo kompyuta inaendesha kwa kukariri: inatazama joto la maji, inatazama hewa inayoingia, inamimina mafuta kwa jedwali. Haina mtu wa kuiambia kama imekosea. Sensa ikipata moto ndipo kompyuta inaanza kuonja moshi na kujisahihisha; hapo mzunguko umefunga. Sensa za sasa zina hita yake ndani, kwa hiyo zinaamka mapema kuliko injini. Kwangu ilichukua dakika moja na kidogo, wakati maji yako nyuzi 27 tu na gari bado linatetemeka. Dirisha hilo la dakika tatu ndilo fundi hajawahi kulikuta.

Mzunguko ulipofunga, namba zikaruka. Muda mfupi, yaani sahihisho la papo hapo: +17. Muda mrefu, yaani lile ambalo kompyuta imeshajifunza: +9. Ukijumlisha, kompyuta inaongeza mafuta asilimia 26 juu ya jedwali lake ili mchanganyiko uwe sawa. Kwa injini yenye afya, huzidi au kupungua 5, unaweza kuvumilia hadi 10. Ishirini na sita ni mgonjwa wa kulazwa. Nikakanyaga mafuta nikashikilia mizunguko 2,500: muda mfupi ukashuka hadi 1. Nikaachia, ikapanda tena.

Huo mpando na mshuko unasema kitu. Kama ingekuwa pampu imechoka au filta imeziba, hali ingezidi kuwa mbaya injini inapodai mafuta mengi. Hapa ilikuwa kinyume: mbaya kwenye sailensi, nzuri kwenye kasi. Ni hewa inayoingia mlango wa uani, baada ya sensa ya kupima hewa. Kwenye sailensi hewa inayopita throto ni kidogo na mvuto ndani ya manifoldi ni mkubwa, hivyo tundu dogo linachangia sehemu kubwa. Ukikanyaga mafuta, hewa halali inakuwa nyingi na ya wizi haionekani. (Hii ni kwa gari lenye sensa ya kupima wingi wa hewa. Kama lako linatumia sensa ya presha ya manifoldi, picha itakuwa tofauti, usinukuu namba zangu.) Maji yalipofika nyuzi 88, sailensi jumla ilikuwa 6. Tundu lilikuwa limejiziba lenyewe kwa joto.

Wengi hutafuta tundu la namba hii kwa kupuliza dawa ya kusafishia kabureta kwenye maungio na kusikiliza. Dawa hiyo inashika moto, na mimi nimeona majeraha ya moto ya kutosha kazini. Nilichukua chupa ya kunyunyizia maji. Asubuhi iliyofuata, gari baridi, simu nimeibandika kwenye kioo cha mbele ili niione nikiwa kwenye boneti, nikanyunyiza kidogo kidogo kwenye mipira ya vakyumu. Hakuna. Kwenye shingo ya throto. Hakuna. Kwenye ungio la manifoldi na kichwa cha injini, upande wa silinda ya nne, ya tatu, ya pili, hakuna. Silinda ya kwanza: mlio ukabadilika, injini ikatulia kama sekunde mbili, na namba kwenye skrini ikaanguka kutoka +16 hadi +8. Halafu maji yakanyonywa na mtetemo ukarudi. Nikarudia mara tatu kwa sababu sikuamini, nikiwa na khanga na taa ya kichwani, jirani ananitazama dirishani.

Fundi nilimpelekea daftari pamoja na gari. Mwanzo alilishika kama mtu anayeshika barua ya mahari. Akasoma safu moja, akarudi nyuma, akasoma tena. "Dada, gari lilale hapa leo." Hilo tu. Kesho yake aliliwasha yeye mwenyewe likiwa baridi, akasikia anachotakiwa kusikia, akafungua manifoldi. Gasketi ya raba ilikuwa imelala bapa na kukauka kama ukucha, hasa kwenye tundu la kwanza. Raba iliyokauka ikipoa inasinyaa, plastiki nayo inajivuta, nafasi inapatikana. Vikipata moto vinatanuka na kuziba. Ndiyo maana ugonjwa ulikuwa unapona njiani kuelekea hospitali.

Aliweka gasketi mpya, akafunga bolti kuanzia katikati kwenda pembeni kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), kwa namba ya kitabu. Manifoldi ya plastiki haikazwi kwa hasira. Asubuhi ya kwanza baada ya hapo: muda mfupi -4, muda mrefu 7, kwa sababu kompyuta bado ilikuwa inakumbuka ugonjwa wa zamani. Baada ya wiki moja ya kuendesha: 1 na 2. Usukani umetulia. Kioo cha ndani kimetulia.

Malalamiko yangu mengine kwa kifupi. Kasi ni ndogo: nikichagua vipimo kumi, namba zinajikokota mpaka huelewi ipi ni ya sasa, nikibaki na vitatu au vinne inatosha. Kitaa chake kinawaka hata gari likizimwa, maana soketi ina umeme muda wote, kwa hiyo ukiliacha gari siku nyingi chomoa. Kinachomoza kwenye soketi kiasi kwamba goti langu limekigonga mara mbili. Tafsiri ya kodi kwenye programu ni ya kutisha watu wanunue vipuri. Na mtu mwenye simu aliye karibu akijua ile 1234 anaweza kuunganika nacho, sababu nyingine ya kutokukiacha kimechomekwa.

Hakifai kwa anayetaka kuambiwa kipuri gani abadilishe. Huyo atanunua koili nne na kuja kulalamika hapa kwenye maoni. Kinamfaa mwenye ugonjwa wa kuja na kuondoka, aliye tayari kukaa ndani ya gari alfajiri na kalamu.

Nyota nne kati ya tano. Moja imeondoka na kile kitufe chekundu, na ningekata nusu nyingine kwa kukatika wakati wa stata kama kungekuwa na nusu. Swali mtakaloniuliza ni kama kimedumu: kwangu kilidumu miezi mitano bila shida. Baada ya hapo siwezi kuwaambia, kwa sababu fundi alikiazima Jumanne moja akasema atakirudisha jioni, na sasa kila nikipita namkuta amekichomeka kwenye gari la mtu mwingine.